Tone Ndani ya Tone

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Daktari Vincent Marete alifungua kabati la maabara ya chanjo, nje kidogo ya mji wa Embu, akakuta kazi yake imeharibika. Chupa sita zilizokuwa nyeupe sare tangu Agosti zilikuwa zimejitenga. Juu kulikuwa na tabaka la manjano, katikati mabonge, chini maji ya kijanikijani. Hakugusa hata moja. Alifunga kabati, akakaa kwenye stuli, kisha akapiga simu polisi.

Koplo Nelius alifika saa tatu, kwa miguu, kwa kuwa gari la kituo lilikuwa limekwenda kuchukua maiti Runyenjes. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alikuwa amekwishavua viatu kitandani mkuu wake, Inspekta Mbaka, alipomtuma mtu amgongee mlango.

"Kabati limevunjwa?" aliuliza.

"La."

"Dirisha?"

"Lina vyuma, afande. Tazama mwenyewe."

Alitazama. Vyuma vilikuwa na kutu ya miaka, hakuna kilichoguswa. "Funguo ni ngapi?"

"Mbili. Mmoja ninao hapa mfukoni. Mwingine anao fundi wetu, Rukaya."

Nelius alivuta stuli nyingine akaketi. "Sasa Daktari, nieleze hizi chupa ni za nini. Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajalala."

Marete alipangusa miwani yake kwa koti jeupe. "Mbuzi wa Mbeere wanakufa kwa homa ya mapafu. Hii ni chanjo yake. Chanjo yenyewe ni maji. Maji hayo tunayafunga ndani ya tone la mafuta, ili mwili wa mbuzi uyapokee polepole na mnyama akingike muda mrefu. Lakini mafuta ni mazito, yanakwama kwenye sindano. Kwa hivyo lile tone la mafuta nalo tunaliweka ndani ya maji mengine. Tone ndani ya tone."

"Mnakoroga."

"Watu wengi hukoroga. Ukikoroga unapata matone makubwa na madogo, makubwa yanameza madogo, na baada ya wiki chache mafuta yako juu na maji yako chini. Sisi hatukorogi." Alimwonyesha kifaa kilichobanwa mezani: mrija wa kioo ndani ya mrija mwingine, ncha ya ule wa ndani nyembamba mpaka Nelius akalazimika kuinama aione. "Hapa yanatoka moja moja, yote sawa, kama shanga za uzi mmoja. Yakiwa sawa hakuna wa kummeza mwenzake. Yanakaa."

"Mirija hii mnanunua?"

"Rukaya anaivuta kwa moto wa gesi. Mimi nilijifunza ng'ambo, nikamfundisha. Sasa mkono wake ni mwepesi kuliko wangu."

"Na kwa nini umeniita mimi badala ya kutengeneza nyingine?"

Marete aligeukia kabati. "Jumatatu wanakuja wanaotulipa. Walisema tuwaonyeshe chupa zilizokaa muda huu wote bila kujitenga, joto na safari zikiwemo. Tukikosa, wanafunga. Siwezi kutengeneza chupa iliyokaa nusu mwaka kwa siku tatu."

"Safari gani?"

"Jumanne tulizipakia kwenye Landrova zikaenda Mitunguu na kurudi kwa barabara ya chini, ya Ishiara. Ile mbovu. Kusudi zitikisike. Dereva ni Njuki, na msaidizi wangu Antony alikwenda nazo. Zilirudi usiku zikafungiwa humu. Jumatano asubuhi nilifungua nikazitazama, nyeupe kama karatasi. Alhamisi nilikuwa Nairobi."

"Kwa hivyo ni kati ya Jumatano na leo."

"Ndiyo. Na ufunguo ulikuwa na Rukaya."

Mlangoni alikuwa amesimama kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Huyo ndiye Antony Mutugi, msaidizi. Alikohoa. "Afande, mimi sipendi kusema mtu. Lakini wiki jana Rukaya alisema hapa hapa, 'Siku nikitoka mtajua hizi chupa zilisimama kwa mkono wa nani.' Nilimsikia."

Nelius alichukua chupa moja kama kielelezo, akaifunga kwa gazeti. Saa sita mchana, kwa amri ya Inspekta Mbaka, Rukaya Jamaldin alikuwa ndani ya seli ya Embu akingoja kupelekwa kortini Jumatatu kwa kuharibu mali ya serikali.

*

Rukaya alikuwa mwanamke mwembamba wa mtaa wa Majengo, vidole vyake vina alama ndogo ndogo za moto. Aliketi sakafuni amejifunga leso mbili kwa sababu ya baridi ya saruji.

"Ulisema yale maneno?" Nelius aliuliza, amechuchumaa upande wa pili wa nondo.

"Nilisema. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Kila nikimwuliza Daktari, anasema tungoje wageni. Nilichoka nikasema."

"Ulikuwa unatisha."

"Nilikuwa nasema ukweli. Kwani ukweli unatisha?" Alijifunika vizuri. "Afande, nikitaka kuwaharibia, nitaingia kabatini na ufunguo wangu mwenyewe, ambao watu wote wanajua niko nao? Ningeosha mirija kwa sabuni ya unga tu. Basi. Kioo kikiguswa na ile sabuni, tone linatoka likiwa halina kitu ndani. Wangetafuta kosa mpaka Krismasi."

 Katika kazi hii Nelius alikuwa amesikia watu wengi wakieleza jinsi ambavyo wangefanya uhalifu vizuri zaidi, na baadhi yao walikuwa ndio wenyewe. Lakini maneno haya yalimkaa kichwani.

Alipoinuka alimkuta kaunta mwanamume wa makamo, kofia ya sufu mkononi, ameshika chupa ya chai na mkate uliofungwa kwa karatasi.

"Mimi ni Njuki, dereva wa pale maabara," alisema. "Nimemletea Rukaya chai. Inaruhusiwa?"

Koplo wa zamu alimimina kidogo akaonja, maana ndiyo sheria. "Ya rangi," alisema, akikunja uso. "Hata maziwa umemnyima, mzee?"

"Maziwa yanaharibika njiani," Njuki alisema.

*

Jumamosi asubuhi Nelius aliifungua ile chupa kutoka kwenye gazeti, akaiweka mezani kwake. Gazeti lilikuwa na doa. Aligeuza chupa. Kifuniko kilikuwa cha mpira, kimebanwa kwa bati pande zote, na bati halikuwa limeguswa. Alama ya wino ambayo Rukaya huchora juu yake ilikuwa mahali pake. Lakini ukiinamisha chupa, tone lilijitokeza katikati ya mpira, dogo kama jasho. Aliisogeza dirishani. Kulikuwa na matundu mawili ya sindano, moja karibu na jingine.

Alinusa. Kisha akanusa tena, akafumba macho. Ilikuwa harufu ya uchachu, na nyuma yake, mbali kidogo, harufu ya moshi.

Saa nne alikuwa maabara tena. Marete alikuwa hajanyoa ndevu.

"Daktari, haya mafuta yenu huchacha?"

"Hapana. Ni mafuta ya madini, kama ya cherehani. Yanaweza kujitenga. Kuchacha hayawezi, ukiyaweka hata miaka kumi."

"Basi nusa hapa."

Marete alinusa. Alimtazama Nelius, akanusa tena, kisha akachukua tone kwa kijiti akaliweka kwenye kioo cha hadubini. Alikaa ameinama hapo muda mrefu.

"Haya si matone yangu," alisema hatimaye. "Yangu yote ni sawa, na kila moja lina jingine ndani, kama jicho. Haya ni makubwa, madogo, matupu. Na kuna vumbi jeusi. Hii ni…" Alisimama wima. "Haya ni maziwa."

"Hukufungua hata moja jana?"

"Sikufungua." Sauti yake ilishuka. "Tangu Agosti nalala nikiota zimejitenga. Nilipoziona zimejitenga, sikuwa na swali. Nilijua tu imekuwa."

Nelius alimwacha na aibu yake. Hakuwa na haja ya kuiongeza. Walifungua kabati wakazitazama zile nyingine tano, na zote zilikuwa na matundu mawili mawili. Tundu la kuvuta, akaeleza Marete, na tundu la kupitisha hewa, ili chupa isibane. Ndivyo mtu anayejua kuchanja mifugo hufanya. Mwenye sindano hahitaji kuvunja bati, wala kufungua kabati. Anahitaji tu kuwa na chupa mkononi kwa muda.

"Kwa hivyo hazikuharibiwa," Nelius alisema. "Zimeibwa. Dawa imetolewa, maziwa yametiwa. Daktari, maziwa mabichi yakikaa nje hapa Embu, yanaganda baada ya muda gani?"

"Siku mbili. Labda kidogo zaidi, kwa baridi hii ya Februari ya asubuhi."

"Na haya Ijumaa asubuhi yalikuwa yameshaganda mpaka yametoa maji."

Marete alihesabu kwa midomo. "Jumanne," alisema.

"Kwa hivyo Jumatano asubuhi ulipozitazama ukaona nyeupe kama karatasi, ulikuwa unatazama maziwa."

*

Nelius alimkuta Antony nyuma ya maabara, akinawa mikono kwenye bomba. Aliketi kwenye kreti ya soda. Miguu ilikuwa inamuuma tangu usiku wa Alhamisi.

"Nisimulie safari ya Jumanne."

"Tulitoka hapa saa mbili. Tukapitia Chuka, tukateremka mpaka Mitunguu. Tukala. Tukarudi kwa barabara ya chini. Tukafika hapa saa tatu usiku."

"Saa tatu. Mbona mlichelewa?"

"Barabara ni mbaya, afande. Wewe unaijua."

"Hamkusimama mahali?"

"Hatukusimama."

"Njuki ameandika kwa daftari la gari kwamba mlipata pancha karibu na Ishiara, mkakaa karibu saa mbili."

Antony alikausha mikono kwenye suruali, hapo alipokuwa amepiga pasi. "Ndiyo. Pancha. Nilikuwa nimesahau."

"Gurudumu la wapi?"

"La… nyuma."

"Upande gani? Wewe ndiye ulikuwa unashika jeki au yeye?"

Antony aligeuka akakaza bomba.

"Kijana," Nelius alisema, "mimi nimechoka kabisa. Kuna mama ya watu amelala kwenye saruji kwa sababu ulisimama mlangoni ukasema unachokumbuka. Sasa kumbuka na hii."

"Sikuwa kwa gari," Antony alisema, akitazama chini. "Nilishuka Mitunguu. Mke wangu amejifungua majuzi huko kwetu Nkubu, na Daktari alikataa kunipa ruhusa kwa sababu ya wageni. Nilimwomba Njuki anifunike. Nikarudi Jumatano na matatu ya asubuhi. Hata ndizi alizoniletea mama mkwe bado ziko kwa nyumba, unaweza kuja kuona."

"Njuki alikubali haraka?"

Antony alifikiri. "Hata hakuniuliza kitu. Alisema, 'Enda ukaone mtoto.'"

Landrova ilikuwa imeegeshwa chini ya mti wa jakaranda. Nelius aliizunguka polepole. Gurudumu la akiba lilikuwa limefungwa kwenye mlango wa nyuma. Vumbi jekundu la barabara ya chini lilikuwa limelifunika lote sawasawa, nati zake zimemezwa na kutu na vumbi, na kati ya ukingo wake na mlango buibui alikuwa amesuka nyumba, nyumba ya siku nyingi, yenye mizoga ya nzi ya tangu mvua zile kubwa za mwaka juzi. Hakuna mkono uliokuwa umeligusa gurudumu lile.

Alisimama hapo akilitazama. Hakuona raha yoyote. Alikuwa amempenda yule mzee wa kofia ya sufu.

*

Jumapili, saa tatu asubuhi, Nelius alimwomba Daktari gari, akamwomba na yeye mwenyewe aje. Njuki ndiye aliyeendesha.

Waliteremka kuelekea Siakago. Baridi ya Embu ilibaki nyuma, hewa ikawa kavu, mashamba ya kahawa yakaisha ikaanza miti ya miiba.  Walipopita njia panda, Nelius alisema, "Mzee Njuki, nyumbani kwenu ni wapi?"

"Ni hapo mbele, ukipita shule."

"Tupitie tumsalimie mama. Nina kiu."

Njuki alibadilisha gia. Hakuuliza kwa nini. Kwenye kioo cha juu Nelius aliona macho yake, hayakuwa ya mtu anayetafuta pa kukimbilia. Yalikuwa ya mtu aliyeona mlango aliokuwa akiutazama umefunguliwa na mwingine.

Mama Njuki alikuwa mkongwe wa kuinama, lakini mwenye maneno. Aliwakalisha kwenye viti vya kamba nje ya jiko, akamshika Nelius mkono akamwuliza ni wa wapi. Nelius alipomwambia ni wa Tharaka, akacheka akasema lugha zao ni jirani, Kiswahili kiwekwe kando, ila kwa ajili ya huyu daktari wa miwani wataendelea nacho.

"Leo mtakunywa maziwa," alisema. "Majuzi wageni wa kanisa walikuja nikawapa maji, nikaona aibu sana. Huyu mtoto wangu alikuwa amebeba maziwa yote."

"Siku gani hiyo, mama?"

"Si Jumanne? Alikuja jioni na gari, akasema anataka maziwa, yote, ya ng'ombe na ya mbuzi. Nikasema, wewe ni ndama?" Alicheka tena. "Akanywa wapi sijui."

Alileta kibuyu, akakitikisa, akamimina kwenye vikombe vya bati. Nelius alipokea kwa mikono miwili. Harufu ilimfikia kabla ya kikombe kufika mdomoni: harufu ya moshi, tamu na chungu, ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yasichache haraka. Nyanya yake alikuwa akifanya hivyo. Juu ya maziwa kulikuwa na chembe ndogo nyeusi za mkaa zikielea. Alimpa Daktari kikombe chake aone. Marete alitazama ndani, na hakunywa.

"Watu wa mjini wananunua maziwa ya pakiti," Nelius alisema taratibu, akimtazama Njuki aliyekuwa amesimama karibu na boma la mbuzi. "Hata mimi. Rukaya pia, na Antony. Mtu angetaka kitu cheupe cha kujaza chupa, angeenda dukani. Lakini wewe hukuwa na nafasi ya duka. Ulikuwa na giza linaloingia, na kibuyu cha mama."

Njuki aliweka mkono juu ya fito za boma. Ndani mbuzi walikuwa wakisukumana, manyoya yanang'aa, hakuna aliyekohoa. Katika boma la jirani, ng'ambo ya ua wa minyaa, kulikuwa na mbuzi watatu tu, na fito nyingi zimelala.

"Unajua kwa nini wale ni watatu?" Njuki alisema.

"Niambie."

"Mwambie wewe, Daktari."

Marete aliweka kikombe chini. "Miji hii miwili, huu na ule wa jirani, ilikuwa kwenye upande wa kulinganisha," alisema. "Tulichanja mbuzi wa miji kumi. Mitano ilipata chanjo. Mitano ilipata matone yale yale yasiyo na chanjo ndani. Bila kulinganisha hatungejua kama dawa inafanya kazi. Wenyewe waliambiwa."

"Waliambiwa kwa maneno marefu," Njuki alisema. "Mama yangu alisikia daktari amekuja na sindano, akafurahi, akachinja kuku. Mlimla."

"Ilipigwa kura, Njuki. Sikuchagua mtu."

"Ndiyo, ilipigwa kura. Na ni mimi nilishika kofia." Alitazama kofia ya sufu mkononi mwake kama kwamba haikuwa yake. "Hii hapa. Karatasi zilitoka humu. Nilisikia jina la mama likisomwa upande wa maji matupu. Kisha nikawashika mbuzi wake miguu, mmoja mmoja, nikijua wanadungwa bure. Krismasi jirani akaanza kuzika. Januari beberu wetu akaanza kukohoa."

"Ungeniambia," Marete alisema.

"Nilikuambia. Nilisema mbuzi wa mama wanaumwa. Ukasema, 'Andika tarehe.'"

Marete alivua miwani.

"Kwa hivyo Jumanne," Nelius alisema.

"Jumanne Antony akashuka. Chupa ziko nyuma, sindano ziko kwenye sanduku la gari, na barabara inapita hapa mlangoni. Nilifikiri nitavuta kidogo tu kila chupa. Lakini mbuzi ni wengi. Nikavuta zote. Nilitia maziwa kwa sababu yanafanana. Nilisema watayatazama kwa kioo, wataona nyeupe, wataondoka. Sikufikiri yataganda." Alitikisa kichwa. "Mtu aliyezaliwa kwa ng'ombe. Sikufikiri."

Mama Njuki alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mwanawe, kisha Nelius, kisha nguo za kipolisi za Nelius, kama anayeziona sasa hivi.

"Ya mbuzi ninaelewa," Nelius alisema. "Hata Jumatano ninaelewa, ulikuwa unangoja. Nieleze ya Ijumaa. Ulisimama kwenye kaunta yangu na chupa ya chai. Rukaya alikuwa hatua chache ndani. Ulijua."

 Mbuzi mmoja alilamba vidole vya Njuki.

"Nilisema kesho nitasema," alijibu. "Nikampelekea chai. Jumamosi nikasema kesho. Nikampelekea tena. Aliniambia asante, afande. Kila siku anasema asante."

Nelius aliinuka. Jua lilikuwa limekuwa kali.

"Kuna iliyobaki?" Marete aliuliza ghafla. "Dawa. Umemaliza yote?"

Mama Njuki ndiye aliyekwenda. Alirudi kutoka ghalani na chupa ndogo ya dawa ya macho iliyofungwa kwa kitambaa. Mwanawe alimwambia ni ya vitoto vya mbuzi vitakavyozaliwa. Ilikuwa imening'inia chini ya paa tangu Jumanne, kwenye joto lote la Mbeere. Marete aliiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe, juu mpaka chini.

"Hiki ni kielelezo," Nelius alisema.

"Najua."

"Kitafungwa kituoni na hakitatoka mpaka kesi iishe."

"Najua, afande."

Nelius alitazama boma lile la jirani lenye fito zilizolala, kisha akaangalia saa yake. "Maabara iko njiani kwenda kituoni," alisema. "Tone moja. Mbele yangu."

*

Saa tisa alasiri Rukaya alitolewa seli. Alipita maabara kuchukua viatu vyake vya kazi, na hapo ndipo Nelius alipomwona akiinama kwenye hadubini, jicho moja limefumbwa. Marete alikuwa kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Ni matone yetu," Rukaya alisema. "Yote yana jicho ndani. Hakuna lililopasuka." Alikaa hapo kidogo. "Yametoka Agosti, yametikiswa njia yote ya Ishiara, yametundikwa ghalani."

"Kesho wageni nitawaonyesha hii," Marete alisema. "Na nitawaambia imetoka wapi. Yote. Na mkataba wako, Rukaya…"

"Ya mkataba tutaongea kesho," alisema Rukaya. "Leo naenda kuoga."

Alfajiri ya Jumatatu Nelius alikuwa bado kaunta, zamu nyingine ikimwishia, Rukaya alipoingia na kikapu. Aliitoa ile chupa ya chai, akaiweka mbele yake.

"Hii ni ya Njuki. Mrudishie. Mwambie nimeiosha."

Nelius aliinyanyua. Ilikuwa nyepesi, tupu.

"Hutaki kumwona?"

Rukaya alifikiri, vidole vyake vyenye alama za moto vimeshika mpini wa kikapu. "Si leo," alisema, akatoka.

Nelius alikaa akiitazama ile chupa. Ndani, kwenye saruji, mzee Njuki alikohoa. Baadaye alivaa koti lake, akavuka barabara mpaka kibanda cha Mama Phyllis, ambapo moto ndio kwanza ulikuwa unawashwa, akaiweka kwenye meza.

"Nijazie."

"Ya rangi au ya maziwa, afande?"

Nelius alifikiri muda mrefu, kuliko mtu anavyopaswa kufikiri kwa swali kama hilo.

"Ya rangi," alisema.